Kadi Niliyomchagulia Ghati

Nianze na ujinga wangu, maana nikiuacha mwisho nitasingizia kuishiwa karatasi. Mimi, Chacha, niliyekaa miaka mingi kwenye meza ya huduma kwa wateja katika tawi letu la Tarime mjini, niliyepewa na wenzangu jina la Waziri wa Mambo ya Nje kwa sababu kila aliyesafiri kwenda ng'ambo aliletwa kwangu, nilimchagulia mama mmoja kadi ya kwenda nayo India. Ilikuwa kadi yenye ada ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo. Na kwa sababu ya kadi hiyo hiyo, mtoto wake nusura akose upasuaji wa moyo. Kadi haikuwa mbovu. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzima, jambo ambalo peke yake lilistahili kutangazwa redioni. Aliyekosea ni mimi, na nilikosea nikiwa nimejaa fahari, kalamu mkononi, nikijipongeza kwa kuwapunguzia watu makato.

Siku ya kuniaga, nyinyi wa tawini mliniambia, "Mzee Chacha, tuandikie ya kazini." Nadhani mlisema kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni chakula huku akiomba moyoni akatae. Sasa mgeni amenawa mikono.

Miezi minne niko nyumbani, Turwa. Mimi ni mtu wa nyumbani kuliko paka wa jikoni, kwa hiyo nilidhani kustaafu kutanifaa. Kumbe nyumbani ni patamu ukiwa unapawaza ukiwa kazini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshavaa shati lililopigwa pasi, nimesimama sebuleni kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nakaa, nasimama. Nafungua geti, natazama barabara, nafunga. Mama Robhi, mke wangu, anasema kuku anayetafuta pa kutagia ana utulivu kunishinda. Aya hii nimeiandika mezani. Inayofuata nitaiandika nimesimama dirishani, na nyingine Mungu anajua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti na suruali moja nzuri, na nilitegemea kupewa angalau kalamu. Kazi yenyewe ilikuwa kukata kadi zilizokwisha muda, mbele ya mteja, ili aone kwa macho yake kwamba hakuna atakayezitumia. Akaja mwalimu mmoja, akaweka mezani kadi mbili, ya zamani na mpya. Nikakata kwa ustadi mkubwa. Mwalimu akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jina lake vibaya, akasema, "Kijana, hiyo ndiyo iliyofika jana."

Aliyeniokoa ni Bwana Magesa, mkuu wa meza yetu wakati huo. Mtu mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kusukuma fomu zote pembeni mteja akishakaa. "Fomu ni ya mwisho," alikuwa anasema. "Kwanza safari." Mteja wa ng'ambo alitakiwa asimulie: unashukia wapi, unalala wapi, siku ya kwanza utalipa nini, ukikwama utampigia nani. Watu walisimulia mpaka mambo ya wakwe zao. Foleni inafika mlangoni, mimi nahesabu vichwa, miguu inanicheza chini ya meza, Bwana Magesa anauliza, "Na hoteli hiyo ina ngazi?" Nilimwona mzembe. Alipohamishwa, meza ikawa yangu, na fomu nikazirudisha katikati.

Kuna jambo lilinisumbua tangu mwanzo, na wateja hawakulijua. Waziri wa Mambo ya Nje hakuwahi kwenda nje. Nilifika Mwanza kwenye mafunzo nikarudi siku moja kabla, kwa sababu mto wa hoteli haukulingana na shingo yangu. Nilifika Sirari, mpakani na Kenya, nikavuka upande wa pili kunywa soda, nikaanza kuwaza kama nilifunga mlango wa banda la kuku. Basi. Kila nilichokijua juu ya kutumia kadi ng'ambo nilikipata kwenye makaratasi ya makao makuu na kwa jirani yangu, Mama Zuhura.

Mama Zuhura anauza vitenge na mashuka kule Nyamisangura. Wazazi wake walitoka Pwani, yeye kazaliwa hapa hapa Tarime, na anakwenda Dubai na China kununua mzigo kama mimi ninavyokwenda dukani kununua kiberiti. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta unaoishia kifuani. Jioni akirudi safari namwita ukutani nimhoji, na asubuhi yake nawaeleza wateja kwa sauti nzito, kana kwamba nilikuwepo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mashine ya kulipia ya kule inaweza kukuuliza: ulipe kwa shilingi za kwenu au kwa fedha za hapa? "Ukiona shilingi unafurahi, unahisi umekutana na ndugu," aliniambia. "Ndugu huyo ndiye atakayekuchuna. Chagua fedha ya kule." Ndiye aliyenifundisha pia kwamba kadi ya mkopo, ile ambayo benki inakulipia kwanza nawe unarudisha baadaye, haifai kutolea noti kwenye ATM, maana riba inaanza kutembea kabla hujaondoka pale mlangoni. Ya kutolea noti beba nyingine, ya akaunti yako ya kawaida. Na mbili hizo zisikae mkoba mmoja, kwa sababu mwizi hachagui.

Niliyasema hayo kwa mamia ya watu, wengine wakasikia. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa alirudi kutoka Uturuki akilalamika kwamba kadi yetu imemla. Nikafungua taarifa yake: kila duka alilipa kwa shilingi. Nikamuuliza kwa nini. "Mzee Chacha," akasema, "mimi ni mzalendo." Mchungaji mmoja alikwenda nchi takatifu akiwa ameandika namba ya siri juu ya kadi kwa kalamu isiyofutika. Nilipomuuliza alijibu kwamba huko anakokwenda hakuna wezi. Kadi ilirudi salama.

Sasa nifike mahali nilipokuwa napakimbilia na kupakwepa tangu mwanzo. Nimeshanywa maji mara mbili.

Asubuhi moja alikuja mzee kutoka Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi kwa sababu ng'ombe wake aliwauza kwa wafanyabiashara wa upande huu. Jina lake sitaliandika, na mbele mtaona kwa nini. Aliingia na fimbo, kofia na vumbi la safari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, tata," akaniita baba kwa Kikurya chetu. "Nataka kadi ya kwenda India."

"Unakwenda India?"

"Mimi niende India, ng'ombe waende wapi? Anakwenda mama wa mjukuu wangu."

Mjukuu aliitwa Nyangi, miaka sita. Moyo wake ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa. Akikimbia kidogo midomo inageuka rangi, anachuchumaa kama bibi. Madaktari walikuwa wameshasema apelekwe India, na hospitali ya kule ilikuwa imeshatoa tarehe. Msindikizaji aliruhusiwa mmoja, mama yake, Ghati, mke wa mtoto wa huyu mzee. Sehemu ya fedha ilitangulia kwa benki. Iliyobaki ilitakiwa ilipwe kule kule, madaktari wakishampima mtoto, na kabla ya siku ya kupasuliwa. Isipolipwa, kitanda anapewa mwingine, na Nyangi anarudi mwisho wa foleni.

Ghati mwenyewe alikuwa kwenye kibaraza nje, na mtoto. Hakuingia, nami sikushangaa. Kwetu Wakurya mke wa mtoto wako na wewe mna aibu kubwa kati yenu: hamshikani mikono, hamketi meza moja, na wa ukoo ule walishika hayo kuliko wengi. Niliwasalimia kupitia dirishani, nikarudi kwa mwenye ng'ombe.

Nikafungua daftari langu la ada, ambalo niliandika kwa mkono na kulitunza kuliko cheti cha ndoa. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, Ghati afungue akaunti yake, fedha ziwekwe humo kama dhamana, apewe kadi ya mkopo ya jina lake: kuna ada ya kuitengeneza, ada ya mwaka, na makato ya kubadilisha fedha ya daraja la juu kidogo, kwa kuwa yeye ni mteja mpya. Ya pili, mzee achukue kadi ya mkopo kwa amana yake kubwa, na Ghati apewe kadi ya nyongeza chini ya akaunti hiyo. Kadi ya nyongeza haikuwa na ada ya mwaka hata kidogo, na makato yake ng'ambo yalikuwa ya chini kabisa. Nikaizungushia duara mara mbili.

"Ipi inakula kidogo?" mzee akauliza.

"Hii hapa. Hii haili, inalamba tu."

"Basi hiyo. Sitaki mnyama anayekula kuliko anavyokamuliwa."

Tulicheka sana, mimi na yeye. Nikatoka na fomu mpaka kibarazani, Ghati akasaini nilipomwonyesha. Nyangi alikuwa anachora kwenye vumbi kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebana matumizi. Nikamsomea mama yake masharti kama padri: chagua fedha ya kule, usitoe noti, namba ya siri iweke kichwani, mashine ikikataa piga simu namba iliyo nyuma ya kadi. Nikamwandikia na namba yangu mwenyewe. Akasema, "Asante mzee." Nikawa na furaha siku ile mpaka nikajinunulia samaki.

Simu ilinikuta ofisini saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya upasuaji. India ilikuwa saa nne na nusu.

"Shikamoo Mzee Chacha. Ni mimi Ghati, mama Nyangi. Kadi imekataa."

Nikamwambia asiogope. Malipo makubwa ya mara ya kwanza hushikwa kwa usalama, unapiga kituo cha huduma, wanakuuliza maswali, wanaachia.

"Nimepiga. Dada wa Dar es Salaam ameniuliza jina langu, nikasema. Tarehe ya kuzaliwa, nikasema. Halafu akaniuliza jina kamili la mwenye akaunti."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini unyamaze, Ghati? Si unalijua?"

Nyuma yake kulikuwa na kengele ya lifti na watu wanaongea lugha nisiyoijua.

"Mzee Chacha," akasema polepole, "wewe si Mkurya?"

Hapo ndipo nilipohisi joto limepanda kutoka kwenye soksi. Mke hatamki jina la baba mkwe wake. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma. Mama yangu mzazi alikuwa akikutana na mtu mwenye jina kama la babu yangu mzaa baba, anamwita "huyu wa jina lile". Na mimi, mtoto wa mama huyo, nilikuwa nimemtuma mwanamke kuvuka bahari na kadi ambayo haifunguki mpaka atamke jina hilo.

"Nilimwambia dada yule ni babu yake Nyangi. Akasema hilo si jina."

"Sikiliza, mwanangu. Uko mbali. Taja tu, mara moja, kwa sauti ndogo. Nani atajua?"

"Mzee, mtoto wangu anapasuliwa moyo kesho. Unataka leo ndiyo nianze kuvunja miiko?"

Akaniambia mhasibu wa hospitali amesema mwisho ni saa kumi na moja jioni ya kwao. Nikahesabu kwa vidole: saa nane na nusu mchana kwetu.

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikapata wazo. Nikamwambia aliandike jina lile kwenye karatasi, maana kuandika si kutamka, ampe muuguzi mmoja alisome kwenye simu. Akafanya hivyo. Yule muuguzi, Mungu ambariki, alijitahidi. Lakini jaribu kuwaza: dada wa Dar es Salaam amemwuliza mama wa Kitanzania swali la usalama, kimya, halafu inatokea sauti nyingine, ya Kihindi, inasoma jina la Kikurya kama mtu anayetafuna karanga za moto. Dada akaona huyu mama ametekwa. Akaifunga kadi kabisa. Ningekuwa mimi ningeifunga pia.

Nikapiga kituo cha huduma mwenyewe. Nikajitambulisha, nikajieleza, nikapandisha sauti, nikaishusha. Jibu likawa moja: mwenye akaunti apige kwa laini yake iliyosajiliwa, au afike tawini na kitambulisho. Kanuni hiyo ni nzuri sana. Niliwahi kuifundisha. Nikapiga simu ya mzee: haipatikani. Nikapiga tena. Nikazunguka meza. Nikapiga. Meneja akatoka ofisini kwake akaniambia, "Mzee Chacha, ama ukae ama uondoke, unatupa kizunguzungu."

Nikaondoka. Saa tatu na robo nilikuwa nyuma ya pikipiki, mimi ninayeogopa hata baiskeli, nimemkumbatia dereva ambaye sikuwahi kumwona. Tulipita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, na kutoka hapo sikumbuki njia, nakumbuka mgongo wa yule bwana tu. Kila baada ya dakika chache nilimwuliza saa. Mwishowe akasema, "Baba, saa unayo wewe mkononi."

Tulifika saa saba kasorobo. Nyumbani kwa mzee tukaambiwa yuko joshoni, siku ya kuogesha ng'ombe. Tukamkuta amesimama juu ya ukuta wa josho, dawa inanuka mpaka machozi yanatoka, ng'ombe wanatumbukia mmoja mmoja kama abiria wasiotaka kushuka.

"Tata wa benki!" akapiga kelele. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Simu yako iko wapi?"

"Nyumbani, kwenye kopo la sukari. Isiibiwe."

Tukarudi nyumbani, ng'ombe waliokwisha oga wakitufuata. Simu haikuibiwa, wala haikuwa na chaji. Tukatoa laini yake tuiweke kwenye simu yangu, na kile kitundu cha kufungulia laini kinataka pini. Pini hatuna. Mzee akavunja mwiba wa mgunga, akakichoma mara moja, kikafunguka. Nikamweleza yote wakati tunapanda jabali lililo nyuma ya boma, ambako ndiko mtandao unakopatikana. Alipanda haraka kuliko mimi.

Simu ikapokelewa na wimbo. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Wimbo tena. Saa saba na nusu. Halafu sauti ya dada, nikaiweka isikike kwa nje.

"Jina lako kamili, baba?"

Mzee akalitamka lote, majina matatu, kwa sauti ambayo ng'ombe waliinua vichwa. Tarehe ya kuzaliwa? Moja Julai, kama wazee wengi wa rika lake wasioijua siku waliyozaliwa. Namba ya kitambulisho akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Nikaanza kutabasamu.

"Asante, baba. Swali la mwisho. Jina kamili la mwenye kadi ya nyongeza?"

Mzee akafungua mdomo, akaufunga.

"Mama Nyangi," akasema.

"Jina lililo kwenye kadi, baba."

"Mke wa mtoto wangu."

"Naomba jina lake, baba."

Mwiko ule una ncha mbili. Kama Ghati hamtaji mzee, mzee naye hamtaji Ghati, tangu siku aliyoingia kwenye boma lile na ng'ombe wakatoka kwenda kwa baba yake. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki kwa muda wa saa tatu na nusu nikiwaza ncha moja tu. Na safari hii sikuweza kutoa wazo, maana sauti ngeni tulishaona kazi yake.

"Baba, upo?" dada akauliza. "Nikikata itabidi uanze upya."

Mzee alinitazama. Halafu akavua kofia, akanipa.

"Shuka," akasema. "Na huyo wa pikipiki, shukeni wote. Hiyo sauti ya nje izime."

Tukashuka. Nilisimama kati ya ng'ombe waliolowa, kofia ya mzee kifuani, nikageuka nisimwone hata mdomo. Dereva wangu, mtu mzima mwenye wakwe zake, naye aligeuka bila kuambiwa. Sijui alisema nini wala kwa sauti gani. Najua ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani, na alipoteremka hakuichukua kofia mara moja.

"Anasema amefungua. Mpigie."

Nikampigia Ghati. Nikamwambia, "Jaribu tena," na sikumwambia zaidi. Akauliza, "Amefunguaje?" Nikasema, "Jaribu tena, mwanangu."

Tukasubiri, wanaume watatu tumeinamia simu moja. Ng'ombe akakohoa, nikaruka. Saa nane na dakika tano ujumbe ukaingia: malipo yamekubaliwa. Kwa fedha ya kule. Alikumbuka, katikati ya yote yale, alichagua fedha ya kule.

"Imelipwa," nikasema.

Mzee akaketi juu ya jiwe. Akajifuta uso kwa kiganja. Halafu akauliza, "Imekula kiasi gani?"

"Kidogo sana, mzee."

"Afadhali." Akavaa kofia. "Hilo lingine nitalimaliza na wazee wenzangu. Kondoo wa kutakasa mwiko yupo."

Nyangi alipasuliwa siku iliyofuata. Nilikaa ofisini na simu juu ya meza, na wateja watatu wa siku hiyo wakisoma haya wanisamehe, sijui niliwaandikia nini. Mchana Ghati akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Ametoka salama." Waliporudi walipitia tawini. Mtoto alikimbia kutoka mlangoni mpaka kaunta, akarudi, akakimbia tena, na hakuna mlinzi aliyethubutu kumzuia. Ghati aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha mteja, akaomba kufungua akaunti yake na kadi yake. Nilishika kalamu nimjazie. Akanyoosha mkono, akaichukua.

Ada? Ada ni muhimu, msije mkasema Mzee Chacha amewaambia ada hazina maana. Soma asilimia ya kubadilisha fedha kabla ya kusoma ada ya mwaka, maana ya mwaka inauma mara moja na ile nyingine inauma kila duka. Uliza itatokea nini kadi ikifungwa, nani ana ruhusa ya kuifungua, na huyo mtu simu yake hukaa wapi. Kopo la sukari si jibu baya, ila ulijue mapema. Tarehe za safari ziingize kwenye mfumo kabla mteja hajaondoka. Mimi za Ghati niliziingiza, kwa hiyo sikuwa mjinga wa kila kitu.

Wiki iliyopita, kabla sijaanza kuandika, nilikisimulia kisa hiki kwa mara ya kwanza kizima. Nilikuwa siwezi kukaa, nikatoka nje, nikamkuta Mama Zuhura anaanika vitenge alivyovilowesha. Nikamsimulia ukutani, pamoja na mwiba, jabali, ng'ombe na kofia. Nilipofika kwenye ujumbe wa malipo nikangoja anisifu. Akakamua kitenge, akakikung'uta, akaniambia hivi, na naandika kama alivyosema:

"Baba Robhi, unasimulia kama wewe ndiye uliyepasuliwa. Mwenye safari alikuwa mtu mzima, ana akili na ana mdomo, na nyinyi wanaume wawili mkamaliza kumchagulia kadi bila kumwuliza hata neno moja."